Foku Niliyoifunga kwa Ngozi

Vijana wangu mnaokaa pale kona na spana mifukoni mkingoja pikipiki za watu ziharibike, mimi huwa nawasikia. Mteja anakuja anasema, fundi, imezima yenyewe tu, nanyi mnamwambia pole, mnaanza kufungua. Mimi ningemtazama viatu kwanza. Vikiwa na tope mpaka kifundoni, basi haikuzima yenyewe. Ameiingiza mtoni, sasa anaona haya kusema. Nimetengeneza baiskeli hapa Ilongero miaka thelathini na zaidi na sikumbuki mteja aliyeniambia ukweli mara ya kwanza.

Aliwahi kuja bwana mmoja na rimu la nyuma limepinda kama yai. Nikamuuliza limepataje kupinda. Akasema aliegemeza baiskeli ukutani, asubuhi akaikuta hivyo. Nikamwambia huo ukuta wako ni mkali sana. Mke wake, aliyekuwa amesimama nyuma yake na kanga mdomoni, akashindwa kujizuia. Akasema, "Mwambie fundi na gunia la mtama, na mama alikuwa amekaa juu ya gunia." Mama, maana yake mama mkwe wa yule bwana. Nilicheka mpaka nikaangusha nati.

Tabia hii ya kushuku sikuzaliwa nayo, nilifundishwa. Mwalimu wangu alikuwa Fundi Bakari, aliyejifunza kazi kwenye karakana ya reli huko Manyoni. Alikuwa anatupa baiskeli tufungue ekseli, tuweke golori kwenye kikombe, kisha anatuita tuje tumsaidie kitu. Tukirudi, golori moja ameiiba. Usipohesabu ukafunga hivyo hivyo, anakuacha uipande mwenyewe mpaka gurudumu lianze kusaga. Alikuwa akituambia kwamba chuma hakina nia mbaya, kikivunjika tafuta mtu. Somo hilo nililishika vizuri mno. Kasoro yake ni moja tu, kwamba katika hao watu wa kutafutwa hakunifundisha kujihesabu na mimi.

Ndiyo maana nataka kuwaambia habari za Ntandu, ingawa hazinipi sifa.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo tulipohamishwa kukaa pamoja, nyumba kwa mistari, shamba la ujamaa upande wa chini, na kengele ya kipande cha reli ikigongwa asubuhi. Nilikuwa na kibanda changu karibu na ofisi ya kijiji. Duka la ushirika lilikuwa na chumvi na majembe, vipuri vya baiskeli hakuna. Siku ya sikukuu ya wakulima kulikuwa na ngoma, kuvuta kamba, na mashindano ya baiskeli kutoka Ilongero hadi Mtinko na kurudi. Msidhani baiskeli za siku hizi. Zilikuwa hizi nyeusi nzito za kubebea magunia. Tunavua keria, tunavua madigadi na kengele, basi, imekuwa ya mashindano.

Ntandu alikuwa na miaka ishirini, miguu mirefu, mkimya, na alikuwa ameshinda mara mbili. Baiskeli yake nilikuwa naitunza mimi, na watu walikuwa wakimwita kijana wa fundi. Mshindi wa mwaka ule angepelekwa mjini kushindana na wa wilaya nyingine. Siku nne kabla ya mashindano akaniletea baiskeli. Mguu wa kulia wa foku, nyinyi mnajua foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, ulikuwa na ufa. Ukucha uliingia. Mchomeleaji wa mjini alikuwa ameishiwa gesi. Foku nyingine haikuwepo, labda ningeiota. Basi nikafanya kama baba zetu wanavyofanya kwenye mpini wa shoka uliopasuka. Nikaifunga kwa ngozi.

Kazi hiyo hamuijui, hebu niwaeleze. Unachukua ngozi mbichi ya shingo ya ng'ombe, siyo mbuzi, ya mbuzi inachanika. Unaikata ukanda mmoja kwa kuzunguka, kama mtu anayemenya kiazi bila kukata ganda. Unailoweka mpaka inakuwa laini kama utumbo. Unaweka banzi la chuma bapa juu ya ufa, unazungusha ukanda, umekanyaga chini kwa mguu na kuvuta mpaka maji yanatoka. Halafu unaanika kivulini. Ikikauka inajikaza yenyewe, inauma chuma, na ukigonga inalia kama mbao. Nimeona mipini iliyofungwa hivyo ikarithiwa.

Siku ya mashindano nilikwenda mwenyewe kumwandaa. Mama Zaituni alikuja pale na kibuyu cha maji alichokiziba kwa gunzi. Huyu Mama Zaituni alikuwa mama wa kambo wa Ntandu, mtu wa Ihanja, aliyeolewa na Mzee Hamisi baada ya mama mzazi wa kijana kufariki. Ntandu alikuwa na miaka saba wakati huo. Yeye ndiye aliyemlea, na juu yake akazaa watoto watatu. Kibuyu kikafungwa kwenye usukani, upande wa kulia. Wakaondoka.

Hawakurudi wote. Wakati wa kurudi, kwenye mteremko wa korongo la mchanga, foku ilivunjika, gurudumu la mbele likajikunja chini yake na Ntandu akarushwa kwenye mawe. Paja lilivunjika, goti likafunguka, na akawa hajitambui. Waliomfikia walimlaza kwenye kitanda cha kamba walichoazima nyumba ya jirani, wakambeba mpaka barabarani, wakasimamisha lori la pamba lililompeleka hospitali ya misheni.

Mimi nilifika korongoni lori limeshaondoka. Nilikuta baiskeli na watu. Jambo la kwanza nililofanya si kuuliza kama mtoto wa watu yuko hai. Nilitazama foku, nikaona imeachana pale pale nilipofunga, nikasema mbele ya wote kwamba ngozi yangu haifunguki, kwa hiyo kuna mkono wa mtu. Nikamwita Shabani wa Mtinko aliyekuwa wa pili, nikamwambia atoe vilivyomo mfukoni. Nilikuwa natafuta kisu. Alikuwa na karanga. Wenzake wakasema Shabani alikuwa nyuma hatua thelathini na zaidi, hata kivuli chake hakikumgusa Ntandu. Sasa mtu wa kwanza akiniponyoka mimi huwa sikubali kwamba hakuna mtu, natafuta wa pili. Nikaona kibuyu kimepasuka mchangani. Nikasema, "Muulizeni aliyempa kibuyu."

Nilisema mara moja tu. Kijijini mara moja inatosha. Kabla ya jua kuzama maneno hayo yalikuwa yamefika Ilongero yakiwa yameongezewa miguu na mikono. Eti maji yalikuwa na kitu. Eti mama wa kambo anataka ng'ombe wa mzee wabaki kwa watoto wake watatu. Na mimi, nikijiona mwerevu, nikadai baiskeli ile ifungiwe kwenye stoo ya kijiji isiguswe na mtu, ili ushahidi usiharibiwe. Mwenyekiti akakubali, akafunga kwa kufuli, ufunguo akautia kiunoni.

Ntandu alilala hospitali miezi mitatu, mguu umening'inizwa kwa mawe. Alirudi na magongo mawili. Paja lilikuwa limeunga, lakini goti lilikakamaa, mguu umenyooka kama mchi. Mganga wa zahanati alikuja akamtazama, akasema wazi mbele yetu. Goti likandwe kwa maji ya moto asubuhi na jioni, likunjwe kidogo kidogo kila siku hata kama anapiga kelele. Mvua zikija zikiisha likiwa bado halijakunjika, halitakunjika tena maisha yake yote.

Mtu wa kumkanda alikuwepo. Mama Zaituni alichemsha maji siku hiyo hiyo. Ntandu akakataa. Alisema hataki mikono yake mwilini, wala chakula chake, wala maji aliyoyateka yeye. Alihamia kwa shangazi yake nyumba ya tatu, mama mzee asiyeona vizuri, ambaye kumkunja goti alikuwa anaogopa. Basi kijana akawa anakaa mlangoni, mguu mbele, siku zinapita. Na maji ya Mama Zaituni nilikuwa nayaona kila asubuhi anayachemsha na kuyamwaga.

Niliona uchungu. Nawaambia kweli, niliona uchungu, ila nilidhani ni uchungu wa mtu mwema. Nikasema nitafanya dawa kwa baiskeli. Sikilizeni hapa, maana hii inaweza kuwafaa. Nilichukua fremu kuukuu, nikaipigia stendi ya mbao nzito ili gurudumu la nyuma lizunguke hewani. Friwili, ile inayokuruhusu kuacha kukanyaga huku gurudumu linaendelea, niliifunga isiachie. Gurudumu likizunguka, pedeli zinazunguka, upende usipende. Tairi nikalijaza mchanga ili likishaanza lisisimame haraka. Mguu mzima ukikanyaga, ule mgonjwa unachukuliwa.

Tatizo ni kwamba goti lililokakamaa halimalizi mzunguko. Nikachonga krenki, ule mkono unaoshika pedeli, ya mti mgumu upande wa mguu mbovu, nikaitoboa matundu matatu. Pedeli ikiwa tundu la kwanza, karibu na ekseli, mzunguko ni mdogo kama wa sahani, goti linajikunja upana wa vidole viwili. Likizoea, unahamisha tundu la pili. La tatu ni mzunguko wa mtu mzima. Siku nne za kwanza Ntandu alilia machozi na kuniita majina ambayo kwa umri wangu hakupaswa kuniita. Siku ya tano alizunguka mara kumi bila kusimama.

Mwenyekiti akatutembelea. Alikuwa mtu wa haki lakini akiona mtu amekaa mchana alikuwa akiwashwa mwili. Akaizunguka ile baiskeli mara mbili, mikono nyuma. Akauliza, "Hii inakwenda wapi?"

Nikamwambia haiendi popote. Akasema ndivyo alivyofikiri. Akataka kujua kwa nini kijana anayeweza kukanyaga baiskeli isiyokwenda popote hawezi kushika jembe linalokwenda shambani, na kama mimi sijaamua kuwaficha wavivu kibandani kwangu. Nilimweleza habari za goti. Hakuamini. Siku ya pili nikafunga jiwe la kunolea pembeni ya gurudumu, Ntandu akikanyaga jiwe linazunguka. Nikamwambia mwenyekiti alete majembe ya ujamaa. Akaleta hamsini. Alikaa akayahesabu yakitoka na yakirudi, akaondoka bado akigeuka nyuma kututazama.

Ntandu naye alinishuku. Aliniuliza mara nyingi kwa nini najisumbua hivi, wakati sina undugu naye. Nilimjibu kwamba yeye ni mpanda baiskeli wangu. Alinitazama kama ninavyowatazama wateja.

Sasa kuna kitu sijawaambia, nimekiruka makusudi kama nilivyokiruka wakati ule. Ngozi ikishakauka kazi haijaisha. Inapakwa mafuta ya nyonyo, siku tatu mfululizo, mpaka yazame. Mafuta ndiyo yanayozuia maji. Ngozi bila mafuta ikilowa inarudi kuwa utumbo. Ila huwezi kupaka kabla haijakauka mpaka ndani, na ile ya Ntandu ilikauka siku ya tatu. Siku ya nne ilikuwa mashindano. Niliipeleka bila mafuta. Nilijiambia ni kiangazi, hapa kwetu wakati huo hakuna tone. Sikumwambia Ntandu, sikumwambia mtu.

Na kibuyu. Niliwaambia kikafungwa kwenye usukani. Nilikifunga mimi. Mama Zaituni alitaka kijana akibebe begani. Mimi nikasema kitamgonga magotini, nikakichukua mkononi mwake, nikakifunga mbele upande wa kulia, juu kabisa ya ile ngozi. Na kibuyu kilichozibwa kwa gunzi huvuja, mnajua wenyewe. Kilivuja tone tone kwenda Mtinko na tone tone kurudi.

Niliyajua hayo siku nilipohitaji cheni. Ile ya stendi ilikatika mvua za kwanza zilipoanza, nikamwomba mwenyekiti anifungulie stoo nichukue ya baiskeli iliyoanguka. Nikaitoa nje kwenye mwanga. Nilikuwa nikitegemea kuona alama ya kisu kwenye ngozi, maana miezi yote hiyo kichwani mwangu nilikuwa nimeshaiona. Ukanda ulikuwa mzima. Haukukatwa hata sehemu moja. Ulikuwa umevutika, umelegea, kisha ukakauka hivyo hivyo na mikunjo yake, na banzi limeteleza chini kama soksi. Mtu yeyote aliyekulia kwenye ng'ombe angejua. Nilikaa chini palepale mlangoni mwa stoo, na mwenyekiti akaniuliza kama naumwa.

Nikasema tumbo.

Mngetaka niwaambie kwamba nilikwenda kwa Mama Zaituni siku hiyo. Sikwenda. Niliibeba baiskeli nzima mpaka kibandani, nikaukata ukanda kutoka kwenye foku, nikauficha kwenye sanduku la vifaa chini ya makopo ya golori. Niliogopa. Nilikuwa fundi peke yangu kuanzia hapa mpaka Mtinko, na mtu akipanda baiskeli niliyoigusa anaweka shingo yake mikononi mwangu. Nikajipa sababu nyingi. Kijana anapona. Maneno ya kijijini yataisha yenyewe. Nikamwongezea Ntandu mizunguko, nikahamisha pedeli tundu la pili, nikamletea maziwa. Kila Mama Zaituni alipopita mbele ya kibanda akiwa na ndoo kichwani alinisalimia, na mimi nikamwitikia.

Maneno hayakuisha. Mzee Hamisi alichoka kuwa na mke upande huu na mtoto upande ule, na ndugu zake wakamchosha zaidi. Karibu na mwisho wa mvua akaita wazee, na mwenyekiti akaja kusimamia. Shauri lilikuwa kumrudisha Mama Zaituni kwao Ihanja. Watoto watatu wangebaki kwa baba yao, na yule mdogo alikuwa bado ananyonya. Wakaniletea ujumbe kwamba nahitajika kama shahidi, kwa kuwa ni mimi niliyetangulia kusema habari za kibuyu.

Nilipewa siku tano. Niliiunganisha ile foku pale ilipoachana, nikaweka banzi lile lile juu yake, nikafunga ukanda mpya wa ngozi ya shingo, nikauanika. Asubuhi ya kikao ilikuwa ngumu kama mbao. Nikaibeba begani, nikachukua na kibuyu cha nyumbani kwangu.

Wazee walikuwa wamekaa uani kwa Mzee Hamisi. Mama Zaituni alikuwa pembeni juu ya mkeka, mtoto mgongoni, furushi lake limeshafungwa. Ntandu alikaa kwenye kiti karibu na baba yake, magongo ukutani. Kabla ya kikao kuanza nikamwomba mwenyekiti apige ngumi kwenye ile ngozi, na avute banzi. Akavuta kwa mikono miwili, halikutikisika. Nikaitundika foku kwenye nguzo ya zizi, juu yake nikafunga kibuyu cha maji, nikakiziba kwa gunzi. Wakaniuliza ni kitu gani. Nikasema waendelee, nitaeleza zamu yangu ikifika.

Waliongea sana. Waliongelea ng'ombe walioletwa wakati wa kuoa na waliozaliwa baadaye, na nani awarudishe wapi. Kibuyu kilikuwa kinadondoka. Jua lilipopita utosini waliniita. Nikamwambia mwenyekiti avute tena banzi. Alishika kwa vidole viwili tu, kwa kudharau, na banzi likaja mkononi. Ngozi ikabaki inaning'inia.

Akatazama kile chuma, akanitazama mimi. "Hii maana yake nini, fundi?"

"Maana yake ni mimi," nikasema.

Nikaeleza yote. Ufa, ngozi, mafuta ambayo sikupaka, kibuyu nilichomnyang'anya mama mkononi nikakifunga pabaya, na ukanda niliouficha kwenye sanduku.

Mama Zaituni ndiye aliyezungumza. "Umejua tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza."

"Na mimi nilikuwa napita pale kwako kila siku."

"Ulikuwa unapita."

"Nakusalimia."

"Nami naitikia, mama."

Alivuta furushi lake magotini akaanza kufungua fundo. Fundo lilikuwa limekazwa, akawa analifungua kwa meno. Mzee Hamisi aliinama akawa anatazama ardhi. Ntandu alichukua magongo, akasimama, akanipita. Shangazi yake aliniambia baadaye kwamba alikwenda jikoni kwa Mama Zaituni akakaa kwenye kigoda, mguu mbele, na mwenye jiko alipoingia akamwomba maji ya kunywa. Yule mama akampa kikombe, akatoka nje kulilia nyuma ya nyumba.

Mimi, mwenyekiti alinifungia kibanda msimu mzima, akanipa jembe. Nililima shamba la ujamaa na kina mama, na siku za kwanza hakuna aliyetaka mstari wa karibu na mimi. Sikulalamika. Stendi ya Ntandu tu ndiyo iliyoruhusiwa kubaki nje ya kibanda, kwa ajili ya majembe. Siku nane ilikaa bila mtu. Nilikuwa nikitoka shambani naitazama, nahesabu siku za mvua zilizobaki, na nilijua goti likilala siku nyingi linarudi nyuma. Sikuwa na uso wa kwenda kumwita.

Siku ya tisa walikuja wawili. Mama Zaituni alikuwa na sufuria ya maji ya moto na kitambaa. Ntandu hakunipa shikamoo. Alisema, "Spana."

Nikampa. Aliegemea gongo moja, akaanza kukaza nati za stendi, moja moja, kisha za ekseli, kisha za pedeli. Alivuta cheni. Alishika krenki ya mti akaitikisa. Alichukua muda mrefu, na mimi nimesimama pale na jembe langu begani kama mwanafunzi aliyekosea hesabu. Alipomaliza akaniambia nihamishe pedeli tundu la tatu. Nikahamisha. Akachukua spana, akaikagua na hiyo. Ndipo Mama Zaituni akamkanda goti, naye akapanda. Alipiga kelele kila mzunguko, na mama yake akawa anahesabu kwa sauti. Walifika kumi na nne.

Ilikuwa hivyo kila siku. Nafunga, anakagua. Mvua ziliisha goti likikunjika zaidi ya nusu, na mganga wa zahanati akasema linatosha kwa kutembea na linatosha kwa baiskeli, ila kuchuchumaa asahau. Gongo moja aliliacha wakati wa mavuno, la pili kiangazi. Nilipofunguliwa kibanda watu walianza kurudi kidogo kidogo, na baadhi yao walikuwa wamejifunza kwa Ntandu. Wakawa wanasimama juu yangu nikifanya kazi, na nikimaliza wanaomba spana. Iliniudhi sana mwanzoni. Baadaye niliona ni haki yao, na nyinyi mkipata mteja wa namna hiyo msimfukuze.

Kwenye mashindano ya mwaka uliofuata Ntandu aliandikisha jina. Safari hii foku ilikuwa imechomelewa kwa moto mjini, na maji yalikuwa kwenye chupa ya bati aliyoifunga yeye mgongoni. Pale pa kuanzia, watu wote wa Ilongero wamesimama, akaniita. Akanipa spana nikaze gurudumu la mbele. Nikakaza huku ameniinamia. Halafu akainyakua, akarudia kila nati niliyoigusa, taratibu, na wenzake wakimngoja na wengine wakicheka. Shabani wa Mtinko naye akashuka akaanza kukaza za kwake. Mwenyekiti akapuliza filimbi, wakaondoka kwenye vumbi.

Niligeuka nikamkuta Mama Zaituni amesimama karibu nami. Alikuwa hajazungumza nami tangu kile kikao, isipokuwa salamu. Macho yake yalikuwa barabarani.

"Umekaza?" akauliza.

"Nimekaza."

"Naye amekagua?"

"Amekagua zote."

Alivuta pumzi. Akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi, mahali pa kuwangojea waliokwenda Mtinko, akaweka kapu lake ubavuni. Nilibaki nimesimama juani, sijui pa kwenda. Alinitazama kidogo, kisha akalisogeza kapu upande wa pili.

Nikaenda nikakaa.